Miaka Mitatu Katika Chuo cha Jumuiya Minnesota, na Krediti Kumi Zilizopotea

Mei 2021 nilipokea transkripti yangu ya mwisho kutoka chuo cha jumuiya, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, hapa Minnesota, Marekani. Krediti 64, vile vipimo vya uzito wa kila somo vinavyojumlishwa mpaka shahada itimie, zimepangwa muhula kwa muhula, kila somo na alama yake. Nilipoipeleka chuo kikuu, walipokea 54. Kumi zilibaki mkononi mwangu: zimelipiwa, zimesomewa baada ya zamu za usiku, na hazina kazi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya hizo kumi, ili mwingine asizipoteze. Naiandika pia kwa ajili ya zile 54, kwa sababu tangu nitue nchi hii sijapata kitu kingine chenye thamani kama hizo.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kilichonipata pale kinawapata watu kwenye vyuo vingi vya aina hiyo, na walimu walionifundisha nawaombea heri mpaka leo.

Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tanzania nilimaliza kidato cha sita, nikawa natunza vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huku nikaanza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Wenzangu wa zamu walikuwa Wakenya, Wakongo, Wasomali na Waliberia, na nusu yao walikuwa wanasoma mahali fulani. Saa tisa usiku, wazee wamelala, tumekaa tunakunja mashuka, mazungumzo yalikuwa ya krediti tu: nani amebakiza ngapi, nani somo limemshinda, nani anahamia wapi.

Kwanza neno lenyewe, maana lilinigombanisha na kaka yangu. Nilipompigia simu kumwambia nimejiandikisha, alinyamaza, kisha akauliza: "Dada, umemaliza kidato cha sita halafu unakwenda kolegi?" Kwetu ukisema kolegi mtu anaelewa cheti au stashahada, mahali pa yule ambaye alama zake hazikufika chuo kikuu. Marekani neno hilo linabeba mizigo mingi kwa pamoja. Anayesoma shahada ya kwanza Harvard yuko Harvard College, ambayo ni sehemu ya chuo kikuu. Dartmouth College ina shule ya udaktari na inatoa shahada za uzamivu, ila jina lake la zamani haijaliacha. College of William & Mary, iliyoanzishwa 1693, ni chuo kikuu kamili. Jina, basi, halikuambii chochote kuhusu kiwango. Uliza chuo kinatoa shahada gani na nani amekipa ithibati.

Chuo cha jumuiya ni mali ya umma. Kinaendeshwa kwa fedha za jimbo, mara nyingi pamoja na kodi za wilaya, na kinampokea karibu kila aliyemaliza sekondari bila kumshindanisha na mwenzake. Nchi nzima viko kama elfu moja. Cha umma kilicho kikongwe kuliko vyote ni Joliet Junior College, jimbo la Illinois, kilichoanza 1901 kikiwa na wanafunzi sita. Wazo lilikuwa la William Rainey Harper, rais wa University of Chicago, pamoja na J. Stanley Brown aliyeongoza shule ya sekondari ya Joliet: kijana asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu akiwa bado yuko mjini kwao, kisha ahamie mbele. Jina la "chuo cha jumuiya" lilienea baada ya ripoti ya tume ya Rais Truman, mwaka 1947, iliyotaka vyuo vya namna hiyo visambazwe nchi nzima.

Wazo la Harper ndilo nililolinunua mimi. Shahada ya kwanza ya Marekani ni krediti 120 hivi. Sehemu kubwa ya 60 za mwanzo ni masomo ya jumla ambayo kila mtu anayapitia, awe mhandisi au mwalimu: uandishi wa Kiingereza, hisabati, sayansi yenye maabara, historia, kuzungumza mbele ya watu. Masomo hayo chuo cha jumuiya kinayafundisha kwa bei ndogo, kinakupa shahada ya miaka miwili, ile wanayoiita asosieti, na unahamia chuo kikuu ukiwa mwaka wa tatu. Cheti utakachopewa mwishoni ni cha chuo kikuu ulikomalizia, na juu yake hapaandikwi ulianzia wapi. Hilo ndilo lililomtuliza kaka yangu.

Bei naipa alama zote. Mwaka niliojiunga, 2018, krediti moja ilikuwa chini kidogo ya dola 200 pamoja na michango midogomidogo, kwa hiyo mwaka mzima wa krediti 30 haukufika dola 6,000. Mwaka huohuo University of Minnesota, kampasi ya Minneapolis na St. Paul, ilimtoza mkazi wa jimbo zaidi ya dola 14,000. Somo la uandishi la mwaka wa kwanza linahesabiwa sawa kote kuwili.

Hata hizo za chuo cha jumuiya sikuzitoa mfukoni. Kuna fomu ya serikali kuu inayoitwa FAFSA, kuijaza ni bure, na ukiona tovuti inakudai hela ili kuijaza, toka haraka. Kwa fomu hiyo wanapima kipato cha familia na kuamua kama unastahili Pell Grant, msaada ambao haurudishwi. Mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Wanaostahili ni raia, wenye grini kadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi na makundi mengine machache. Kiasi unachopata kinafuata krediti unazochukua: 12 kwa muhula ndiyo kamili, na mimi niliyechukua tisa nilipata robo tatu yake. Ada ikikatwa na kikabaki kitu, unapewa wewe. Kwangu kilinunua vitabu na tiketi ya basi ya mwezi.

Fedha hizo zina masharti ambayo wengi wetu tunayajua tukishaumia. Ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini, na deni linaweza kukugeukia. Kaka mmoja wa zamu yetu aliacha kuhudhuria wiki ya tano, akidhani kwa kuwa fedha ni ya bure hakuna wa kumfuata. Ikaja bili, akazuiwa kujisajili muhula uliofuata, na transkripti yake nayo ikashikiliwa. Angeingia ofisi ya misaada siku moja kabla ya kuacha, wangemwonyesha tarehe kwenye kalenda. Tena unatakiwa ubaki na wastani wa alama usiopungua 2.0 kati ya 4.0 na umalize angalau theluthi mbili ya krediti unazojisajili. Na maisha yako yote una Pell ya mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Kila somo unalolisoma bila faida linaila Pell hiyo.

Hapo ndipo naingia kwenye mtihani wa upangaji, na hapa natoa alama ndogo. Wiki ya kwanza nilipelekwa chumba cha kompyuta nikafanye Accuplacer, ya Kiingereza na hisabati, ili wajue nianzie darasa gani. Nilidhani ni utaratibu tu wa kujiandikisha. Nilikuwa nimetoka zamu, sijalala, na aljebra nilikuwa nimeiacha miaka 14 nyuma. Nikapangwa ngazi mbili chini ya hisabati ya chuo. Masomo hayo ya kuziba pengo yanalipiwa ada kamili, yanakula Pell, na hayahesabiwi kwenye shahada. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba mtihani ule unaandaliwa kama mtihani mwingine wowote. Nilipouliza kama naweza kurudia, mama aliyekuwa anasimamia chumba akanitazama kwa furaha, kana kwamba alikuwa anasubiri mtu aulize, akanipa tarehe. Wiki nne nilikaa na masomo ya bure ya Khan Academy kwenye simu, nusu saa kila mapumziko ya zamu. Nikapanda ngazi moja. Muhula mzima ukaokoka. Majimbo kadhaa yameanza kuachana na mtihani huo. California ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vyake vitumie alama za sekondari kumpanga mwanafunzi. Kama jimbo lako bado linautumia, usiende ukiwa na usingizi.

Darasani sasa. Hapa ningeweza kuandika kurasa nyingi.

Darasa langu la kwanza la uandishi lilikuwa na watu 24. Nyuma yangu alikaa mwanajeshi mstaafu, mzee wa miaka hamsini na kitu, anayesomeshwa na serikali kwa utumishi wake. Pembeni yangu kijana wa miaka 17 ambaye bado alikuwa sekondari. Minnesota tangu 1985 ina mpango unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kuchukua masomo ya chuo bila kulipa, na ilikuwa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Kijana yule alimaliza sekondari akiwa na krediti nyingi kuliko mimi. Mbele yangu binti wa Kihmong, jamii yenye asili ya kusini-mashariki mwa Asia, aliyekuwa anakuja na sare ya kazi ya duka la dawa.

Mwalimu alituambia tumwite kwa jina lake la kwanza. Sikuweza. Nilimwita Profesa mpaka siku ya mwisho, naye akakubali. Insha yangu ya kwanza niliiandika kama nilivyofundishwa: nikakusanya waliyosema wataalamu, nikayapanga vizuri, nikafunga. Ikarudi na C, na pembeni ya kila aya ameandika swali moja lilelile: "Wewe unasema nini?" Nilikasirika, nikamfuata. Kwetu mwanafunzi mzuri anaonyesha amesikia. Pale mwanafunzi mzuri anatakiwa aje na hoja yake, aisimamie, na kila wazo aliloazima ataje kaliazima wapi. Kunakili sentensi ya mtu bila kumtaja kunaweza kukufelisha somo zima hata kama hukukusudia.

Mwalimu yule hakuwa na ofisi. Alikuwa mwalimu wa muda, anafundisha vyuo vitatu na kuendesha gari kati yake. Karibu theluthi mbili ya walimu wa vyuo vya jumuiya wako hivyo, na ni aibu ya mfumo huu kwamba watu wanaobeba kazi yenyewe ndio wanaolipwa kwa somo, bila uhakika wa muhula ujao. Alinikuta maktaba, meza ya dirishani, kila Jumatano dakika arobaini, muda ambao sidhani kuna aliyemlipa. Insha ile niliiandika mara tatu. Somo lile ndilo lililonifundisha kuandika hata haya unayoyasoma.

Nilisoma uhasibu jioni, darasa moja la saa tatu mfululizo, na mwalimu aliyekuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka mingi kabla ya kufundisha. Kila wiki alileta mfano wa biashara iliyokufa kwa sababu ya vitabu vibaya na kutuuliza tungekamata wapi. Nilikumbuka duka letu la vifaa vya ujenzi, na makosa niliyokuwa nayafanya mwenyewe bila kujua. Takwimu nilisomea kitabu cha bure cha OpenStax, kinachotolewa na Rice University kwenye intaneti, nikaokoa hela. Uhasibu kwa upande mwingine ulidai kitabu chenye msimbo wa kuingilia mazoezi, huwezi kuazima wala kununua kilichotumika, na hilo linaumiza. Machi 2020 madarasa yote yalihamia mtandaoni. Chuo kikaazimisha kompyuta, na sisi ambao intaneti ya nyumbani haikutosha tulikaa ndani ya magari kwenye maegesho ya chuo, vioo vimefungwa kwa baridi, tukisikiliza mhadhara.

Maktaba, kituo cha kusaidiwa insha na hisabati, chumba cha chakula kwa wanafunzi waliopungukiwa: vyote vilikuwepo, vyote bure, na nilivitumia vyote. Mabweni hakuna. Darasa likiisha kila mtu anakimbilia kazini au kwa watoto, na urafiki unajengwa kwenye kituo cha basi.

Sasa krediti kumi.

Wiki ya kwanza nilipewa miadi na mshauri wa masomo. Dakika ishirini. Alikuwa na mamia ya wanafunzi, foleni ilikuwa mpaka nje ya mlango. Akaniuliza nataka kusomea nini. Nikasema uhasibu. Akachapa karatasi yenye kichwa "Uhasibu", masomo yote yameorodheshwa, akanitakia kila la heri. Niliifuata karatasi ile kama mtu anavyofuata dawa aliyoandikiwa.

Muhula wa tatu nilikuta ukumbini meza ya chuo kikuu kimoja cha jimbo, wamekuja kuzungumza na wanaotaka kuhamia. Mama mmoja mwenye miwani akaniomba orodha ya masomo yangu. Akachukua kalamu, akaweka tiki, tiki, tiki, kisha akazungushia matatu: utayarishaji wa mishahara, programu za kompyuta za ofisini, na hesabu za biashara. Krediti tatu, tatu, na nne. "Haya yanakupeleka kazini," akasema kwa upole, "kwetu hayaji." Nikamuuliza inawezekanaje wakati nasomea uhasibu na ninakwenda kusomea uhasibu. Akaniandikia herufi kwenye kona ya karatasi: AAS, na chini yake AS.

Asosieti ziko za aina kadhaa, na tofauti yake ndiyo tofauti ya safari nzima. Yenye herufi AA, asosieti ya sanaa, na kwa kawaida AS, asosieti ya sayansi, imetengenezwa ili uhame nayo. AAS, asosieti ya sayansi tumizi, imetengenezwa ili ukimaliza uajiriwe: fundi wa mitambo ya baridi, msaidizi wa mwanasheria, mtunza vitabu. Ni shahada nzuri kwa anayeitaka. Lakini masomo yake mengi ya ufundi vyuo vikuu havilazimiki kuyapokea. Mimi nilikuwa kwenye AAS mwaka mzima bila kujua kwamba kuna nyingine. Mshauri hakunidanganya. Hakuuliza kama nataka kwenda mbele, na mimi sikujua kuwa ni jambo la kusema.

Siku ileile nilibadilisha mpango. Mfumo wa Minnesota State, wenye vyuo 26 na vyuo vikuu 7, una njia za uhamisho zilizoandikwa rasmi: ukimaliza asosieti ya njia hiyo, chuo kikuu cha mfumo huohuo kinakupokea mwaka wa tatu. Kuna pia mtaala wa masomo ya jumla wa krediti 40 ambao ukiukamilisha, vyuo vya umma vya jimbo vinauheshimu kwa pamoja. Vyote hivyo vilikuwepo tangu siku yangu ya kwanza pale, kwenye tovuti, wazi kabisa.

Sikuwa peke yangu. Ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu, GAO, ilitoa ripoti mwaka 2017 ikisema wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Wengi wa wanaoanza chuo cha jumuiya husema wanataka shahada ya kwanza, kama wanane katika kila kumi. Theluthi moja hivi ndio wanaohama, na takribani 16 katika kila 100 ndio wanaoipata shahada hiyo ndani ya miaka sita. Nilipozijua namba hizi nilikumbuka nyuso za darasa la uandishi, nikaanza kuhesabu ninaowajua waliofika.

Linalonikera ni kwamba dawa inajulikana. New York, CUNY, mfumo wa vyuo vya umma vya jiji hilo, ulianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP: mwanafunzi anasoma kikamilifu, anakutana na mshauri wake mara kwa mara, mshauri ana wanafunzi wachache, na wanampa hata kadi ya usafiri. Watafiti waliwapanga wanafunzi kwa kura, wengine ndani ya mpango na wengine nje. Baada ya miaka mitatu, waliomaliza ndani ya mpango walikuwa asilimia 40, nje asilimia 22. Wanafunzi ni walewale na vyuo ni vilevile. Kilichoongezwa ni mtu wa kukuuliza kila baada ya muda mfupi unaelekea wapi, na nauli ya kufika. Chuo changu kingeniuliza swali moja tu zaidi katika zile dakika ishirini, ningeokoa karibu dola 2,000 za ada na muhula mmoja wa usingizi.

Kwa walio majimbo mengine nitapita haraka, maana kila jimbo lina sheria zake. California mkazi analipa dola 46 kwa krediti, bei ambayo haijabadilika tangu 2012, na ina vyuo 116. Tennessee ilitangulia kufuta ada kwa wanaotoka sekondari, darasa la kwanza likiingia 2015, na watu wazima wakafuata 2018. Michigan ina mpango wa watu wa miaka 25 na zaidi tangu 2021. Massachusetts tangu 2024 imewafungulia wakazi wake wote wasio na shahada. Texas angalia mpaka wa wilaya ya chuo, kwa sababu ukiishi ng'ambo ya mstari unalipa zaidi ingawa ni jimbo lilelile. Florida masomo yana namba za pamoja kwenye vyuo vyote vya umma, na laiti kila jimbo lingefanya hivyo. Na hapa kwetu Minnesota, tangu vuli ya 2024, familia yenye kipato chini ya dola 80,000 inafutiwa ada inayobaki baada ya misaada mingine, kwenye vyuo vya umma vya miaka miwili na minne. Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Nawafurahia kwa moyo wote wanaoikuta.

Aliyeko Tanzania, Kenya au Kongo na anafikiria kuja kwa viza ya mwanafunzi, hesabu yake ni nyingine. Pell hapati. Lazima achukue krediti zisizopungua 12 kila muhula, kazi mwaka wa kwanza ni ya ndani ya chuo tu na haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na vyuo vingi vinamtoza zaidi sana kuliko mkazi. Mtu akikuambia "njoo, chuo cha jumuiya ni rahisi, utafanya kazi ujilipie", muulize yeye alikuja na viza gani.

Jihadhari pia na vyuo vya biashara vyenye matangazo ya kwenye basi na simu za kila siku. Corinthian Colleges ilifunga milango 2015, ITT Technical Institute ikafuata 2016, na maelfu wakabaki na mikopo na krediti ambazo vyuo vingi havikuzitaka. Rafiki yangu mmoja alikuwa amebakiza kusaini tu kwenye kimoja cha namna hiyo. Tulikaa tukalinganisha: kozi yake ileile chuo cha jumuiya ilikuwa inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ile.

Desemba 2023 nilimaliza shahada ya uhasibu. Watoto walikuwepo, mume wangu alikuwepo, kaka yangu alitazama kwa simu saa saba usiku ya kwao. Sasa nafanya kazi mchana, kwenye ofisi ya hesabu, na usiku nalala.

Ningeambiwa nianze upya, ningeanzia palepale kwenye chuo cha jumuiya, bila kufikiri mara mbili. Ila ningeianza safari kutokea mwisho wake. Dada mmoja niliyekuwa naye zamu ya usiku anaingia muhula wa Agosti, anataka uuguzi. Jumamosi alikuja na karatasi aliyopewa na mshauri, imekunjwa vizuri ndani ya pochi. Tukaiweka pembeni ya meza kwanza. Tukafungua ukurasa wa chuo kikuu anakotaka kumalizia, tukaandika kwenye daftari kila somo wanalolidai na namba yake. Ndipo tukaikunjua ile karatasi, tukaanza kuweka tiki.